Mandazi ya Maman wa Ghorofa ya Tatu

Kila Jumanne nilipanda ngazi za nyumba moja ya mtaa wa Schaerbeek, huku ughaibuni, kumuuguza maman mmoja wa Bukavu. Covid ilikuwa imemwacha zamani, uchovu wake haukumwacha. Lakini nyumba niliikuta inang'aa, mandazi ya moto mezani. Mimi ni mtu wa kuamini mazuri, basi nilikula, nikaandika kwenye daftari la wauguzi: "Anaendelea vizuri."

Siku moja akaniambia kwamba, kwa sababu ya daftari lile, watu wa bima wanataka kumpunguzia siku za kuuguzwa.

"Lakini maman, si unapika na kupiga deki?"

"Mutoto wangu, mugeni ataingia namna gani kwenye nyumba chafu? Donc, basi, najikaza. Ukishatoka, nalala mpaka Alhamisi."

Nilichoka ghafla, kama niliyepanda ngazi zile mara kumi. Nikaandika upya: mandazi ninayokula mimi yanamlaza yeye siku mbili. Kisha nikavua koti, nikaanza kuosha sahani.

"Wee! Mugeni haoshi vyombo!"

"Mimi si mugeni tena, maman. Kaa."

Akakaa, na kabla sijafunga bomba alikuwa amesinzia.