Puto Nililorusha Juu ya Paa

Juzi niliona video ya wahandisi wakidondosha puto kutoka kwenye ndege, nalo likajaa gesi likiwa angani. Nikakumbuka alasiri moja mtaani kwetu Kator, nilipokuwa na miaka minane. Nilipanda paani, bati likinichoma nyayo, nikiwa na mfuko wa nailoni unaonuka samaki mkavu, ndio puto langu. Niliamini upepo wa juu ungeujaza, kisha ungepaa wenyewe. Nikauachia. Ukatua kwenye sufuria ya mboga ya mama.

"Shuka! Mtoto wa kike hapandi paa!"

"Mama, puto langu likipaa ndipo nitashuka."

Nilichapwa. Sikujua bado kwamba puto hupaishwa na gesi nyepesi. Kesho yake mama alipokwenda sokoni, nilipanda tena na mifuko miwili.