Nilimwandika wa Pito

Kazi yangu ni kutunza vishikwambi. Nikisema hivyo msibani au baada ya misa, watu hucheka, maana wanaona mtu wa umri wangu angekuwa anatunza wajukuu. Nami hucheka nao, ila si sana. Kampuni yetu hapa Sumbawanga inagawa mbegu na kununua mazao, na ina mabwana shamba na mabibi shamba wanaozunguka kuandikisha wakulima, kuanzia huku juu kwenye baridi hadi bondeni Rukwa na ule upande wa Kipili. Kila mmoja ana kishikwambi chake, na vyote naviona kwenye kompyuta yangu, kila kimoja na mstari wake: namba, chaji iliyobaki, mara ya mwisho kilipopata mtandao.

Hayo mfumo unayajua wenyewe. Usiyoyajua unauandikia, kwa sababu walioutengeneza waliacha safu tupu ili kila kampuni ijaze mambo yake. Jamani, nilizipenda zile safu! Niliweka safu ya vioo vilivyopasuka, safu ya wanaochaji kwa sola, hata safu ya vilivyowahi kunyeshewa. Meneja wetu, kijana mstaarabu aliyeletwa kutoka makao makuu, aliniachia nichezee zote isipokuwa moja, ya kituo, kwa sababu hiyo ndiyo iliyobeba sheria. Kishikwambi cha mjini na kata za jirani kikinyamaza siku saba, mfumo unahesabu kimeibwa, na siku kitakapogusa mtandao tena kinajifuta chote. Cha bondeni kinasubiriwa siku thelathini, kwani kule mtandao ni wa kubahatisha. Aliniambia nimpigie simu kila mtu, nimuulize anafanyia kazi wapi.

Sikumpigia mtu. Nani wa kunifundisha mimi watu wa Ufipa? Nilijimiminia chai nikajaza mistari yote alasiri moja, kwa kichwa tu, huku najisifu kimoyomoyo. Na nilijaza kama tunavyojuana huku, kwamba mtu ni wa kwao. Hata ukae kwingine miaka kumi, ukitajwa unatajwa kwa baba yako na kigango chenu. Nilipofika kwenye mstari wa dada mmoja, mdogo wangu kwa umri, sikufikiri hata kidogo. Tumekulia wote Pito, hapa jirani na mjini, tumeimba kwaya moja, na mama yake ndiye aliyenifundisha kupepeta ulezi. Aliolewa Muze, bondeni, akabaki mjane hukohuko na watoto wawili, kisha kampuni ikampa mkataba wa mwaka mmoja. Nikaandika Pito, nikaendelea na mstari unaofuata.

Miezi ikapita bila tatizo, kwa kuwa kila baada ya siku mbili tatu alikuwa anarudi Muze penye mtandao. Halafu, mvua zikiwa zinakaribia, alitumwa kuandikisha familia za wafugaji waliohamia kutoka kaskazini magharibi na ng'ombe wao, ambao mashamba yao yako mbali kabisa, chini kule, hakuna mnara wala nini. Alikaa siku kumi. Alitembea kwa miguu kaya moja hadi nyingine, kaya hamsini na tatu, akipiga picha na kuzunguka mipaka ya kila shamba. Siku ya kumi na moja, Jumatatu, alifika sokoni Muze, mtandao ukashika. Badala ya kutuma alichobeba, kile kishikwambi kikapokea amri ya kujifuta.

Akanipigia simu asubuhi ileile.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Habari za huko?"

"Nzuri, ila kishikwambi kinaniambia karibu, chagua lugha. Kaya zangu sizioni."

Nilifungua mstari wake nikaliona lile neno Pito. Nikamwambia asubiri niangalie vizuri, wakati nilishaona kila kitu. Nilipokata simu, nikafuta Pito nikaandika Muze. Nilijiambia narekebisha kosa. Uongo mtupu, nilikuwa naficha.

Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi uleule, na meneja ndiye wa kuandika kama aendelee au asiendelee. Hizo kaya ndizo zilikuwa kazi yake kubwa ya mwaka. Nililijua hilo. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa nilipita mbele ya mlango wa meneja sijui mara ngapi, na kila mara nilikumbuka jambo la kwenda kufanya kwingine. Nyumbani nikawa mkali bila sababu. Nilimgombeza hata fundi aliyekuja kuziba bati.

Ijumaa tuliitwa ofisini kwa meneja, mimi na yule dada. Alikuwa amepanda kutoka bondeni alfajiri, viatu vyake vyekundu kwa vumbi. Meneja akatugeuzia kompyuta tuone sote.

"Kituo chako kinasoma Muze," alimwambia, taratibu kabisa. "Kishikwambi cha Muze kinasubiriwa siku thelathini. Wewe ulinyamaza siku kumi tu, kwa hiyo mfumo haukukifuta. Kimefutwa kwa mkono."

"Sijafuta kitu, bosi."

"Basi ulikifuta bila kujua, au hukwenda kabisa, ukatafuta sababu."

"Nilikwenda. Nendeni mkawaulize wenyewe."

"Makao makuu hawaendi kuuliza. Wanaangalia hiki." Akagusa kioo kwa kidole, palepale penye neno nililoliandika mimi. Kisha akanigeukia. "Mama, una la kuongeza?"

Nikasema sina.

Yule dada aliniangalia. Hakunitazama kwa ubaya, alikuwa anasubiri tu, vile mtu anavyomsubiri mkubwa wake amalize kutafuta maneno. Nikainamisha kichwa. Akaambiwa akangoje nje, kwenye benchi, barua itaandaliwa.

Meneja akaanza kuandika ile barua. Mimi nilibaki nimekaa. Naweza kusema dhamiri ilinizuia kusimama, lakini nadhani ni miguu iliyokataa. Ile siri niliyoiweka ili kujiokoa ndiyo iliyokuwa inamfukuza mwenzangu kazi, na ningekaa kimya dakika tano zaidi ingekuwa imekwisha.

"Mama, kuna jingine?"

Nikamwomba anisogezee kipanya. Mfumo huo kila badiliko unaliwekea historia, ila hakuna anayeifungua. Nikaifungua. Kituo kilikuwa Pito, kikabadilishwa kuwa Muze, Jumatatu, saa nne kasoro asubuhi, na mbele yake jina langu. Meneja alisoma, akarudia kusoma.

"Kwa nini?"

"Mwanzo ni kwa sababu sikumpigia mtu simu kama ulivyoniagiza. Jumatatu ni kwa sababu niliogopa."

Alivua miwani, akajifuta uso kwa kiganja. Ningependelea anifokee. Alifuta barua aliyokuwa ameianza, akasema mkataba wa yule dada utaendelea, na mimi nitaandikiwa barua ya onyo. Tena nitashuka naye kuandikisha zile kaya upya, zote, kwa miguu, kabla mvua hazijanyesha. Nikasema sawa. Akaniambia habari hiyo nikampe mwenyewe.

Alikuwa amekaa kwenye benchi, amejifunika kitenge mabegani kwa ajili ya ule upepo wetu. Nikakaa pembeni yake nikamweleza tangu ile chai niliyokunywa nikijaza mistari kwa kichwa, sikuruka kitu. Nikamwambia kazi yake ipo. Nilijiandaa kutukanwa, maana ningekuwa mimi ningetukana, watu wangetoka maofisini kuja kuangalia.

Alivuta kitenge vizuri mabegani.

"Kazi nashukuru," alisema. "Kwa watoto wangu nashukuru sana. Ila dada, Pito?"

Nikaanza kujikanyaga. Nikamwambia ndiko nyumbani, ndiko kwa mama, ndiko sote tunakomjua.

"Mume wangu alipofariki ulikuja," alinikatiza, bila kupandisha sauti. "Tulipanda lori moja na jeneza kutoka hapa mjini, tukateremka wote hadi Muze. Pale kaburini ni wewe uliyenishika. Kesho yake ukarudi huku. Mimi je, ulidhani nilikwenda wapi?"

Ukweli ni kwamba sikuwahi hata siku moja kujiuliza, na nikamwambia hivyo.