Mgomba wa Ombati na Mlango Uliofungwa

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kali, mwanangu, niliamka nikapapasa blanketi la mtoto nisilipate. Moraa wangu, ambaye hata kukaa alikuwa bado hajajua, alikuwa amefunikwa leso moja nyepesi, miguu imekuwa baridi kama ya chura. Nikaenda jikoni na hasira zangu, na huko ndiko nililiona blanketi. Lilikuwa limezungushiwa mgomba. Mgomba, mwanangu! Umesimama ndani ya debe karibu na mafiga, umevikwa blanketi la mtoto na kufungwa kamba kiunoni kama bibi mwenye mgongo. Na mume wangu Ombati amechuchumaa mbele yake, anapuliza moto.

"Baba Moraa," nikamwambia, "huyu ndiye mtoto uliyemzaa?"

Hakugeuka. Akasema, "Mtoto ana mama wa kumpasha joto. Huu hauna mtu."

Wewe unacheka. Mimi siku hiyo sikucheka. Nami ninakusimulia leo kwa sababu nimechoka. Nimechoka kusikia vijana mnaahidi makubwa mbele ya watu, kisha mnaingia mitini na kufunga midomo. Kaa chini, usiangalie mlango. Chai bado iko kwenye birika.

Tulikuwa tukiishi katika shamba la majani chai upande wa juu wa Kericho, karibu na msitu, miaka ile ya kwanza baada ya Uhuru. Ombati alikuwa mtu wa boila kiwandani, kazi yake kutia kuni ili majani yakauke. Sisi sote wawili ni watu wa Kisii, na Kisii unaijua: ukitema mate yanaota ndizi. Lakini huko juu, umande wa asubuhi ulikuwa ukiganda bondeni ukawa mweupe kama unga, na alasiri mvua ya mawe inashuka inachana majani ya chai kama karatasi. Nyumba za laini, zile za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja, zilikuwa za kampuni, na udongo ni wa kampuni. Mboga uliruhusiwa kupanda. Mti wa kudumu, hapana.

Sasa, mgomba ulitoka wapi? Ulitoka mdomoni mwa Ombati.

Siku alipokuja na wazee wake kwetu kumaliza mambo ya posa, baba yangu, Mzee Nyakundi, alimuuliza swali la kawaida tu, la mzazi. Alisema, "Kijana, huko mlimani kwenye majani chai, binti yangu atakula nini? Huyu amekua kwa ndizi." Mtu mwenye akili angejibu, "Atakula tutakachopata, mzee," na mambo yakaisha. Lakini Ombati alikuwa amevaa koti jipya, na wasichana walikuwa wanachungulia dirishani. Akasimama, akasema, "Baba, siku nitakayokuita kwangu, utakula ndizi iliyoota mlangoni pangu!"

Wazee wake wakapiga makofi. Baba yangu akatikisa kichwa na kusema neno moja tu: "Nimesikia."

Mdomo huponza kichwa, lakini wa Ombati ulituponza wote.

Na mila zetu unazijua, au labda huzijui, maana siku hizi mnaingia kwa wakwe kama mnaingia dukani. Baba mkwe hajipeleki nyumbani kwa mkwewe. Huitwa. Anatayarishiwa, anapewa kiti, anakaribishwa kwa heshima. Asipoitwa, atakaa kwake hadi mvi zimfike kwenye kope. Kwa hiyo baba yangu alikaa kwake akingoja kuitwa, na Ombati alikaa kwake akingoja ndizi.

Wahenga walisema mgomba hauoti changaraweni. Walisahau kututajia pipa. Mche wa kwanza aliutia kwenye debe la mafuta ya kupikia, akaumwagilia maji kila asubuhi kama anayenywesha ng'ombe. Baridi ya mwezi wa saba ilipoingia, udongo ukawa matope ya barafu, mizizi ikaoza, na mgomba ukalala chini ukinuka. Huo ndio uliovaa blanketi la Moraa. Blanketi nalo nililifua mara ngapi, harufu haikutoka.

Mche wa pili aliupanda kwenye karai kubwa, akauweka nje upate jua. Ukapendeza! Ukatoa majani mapana, watu wa laini wakawa wanasimama kuutazama. Hapo washauri wakaanza. Mmoja akasema uumwagie majivu, mwingine akasema majivu yataua, weka samadi ya mbuzi. Mwingine, ambaye kwao hata ndizi hazijulikani, akasema uupake mafuta ya ng'ombe kwenye shina. Ombati alifanya yote. Kila siku anauhamisha, leo kulia kwa mlango, kesho kushoto. Nikamwambia, "Hata wewe ungehamishwa hivyo usingezaa." Akauhamisha tena. Kisha mvua ya mawe ikaja siku moja alasiri, tuko kazini, na tuliporudi pale mlangoni palibaki kijiti na nyuzi nyuzi.

Tulikuwa na jirani upande wa pili wa ua, bibi mmoja Mkipsigis tuliyemwita Kogo, yaani nyanya. Alikuwa akituletea maziwa. Siku ile alisimama akatazama kijiti, akamtazama Ombati aliyekaa kwenye kizingiti kama mtu aliyefiwa, akaniuliza, "Mama Moraa, huyu anataka ndizi ya nini? Si Kapkatet sokoni ziko?"

Nikamweleza ile ahadi. Kogo akaguna. "Na mzee mwenyewe mmemuuliza kama anataka?"

Nikamtazama Ombati. Akasema, "Mwanaume hamwombi mkwewe amsamehe neno alilolitoa."

Mwanangu, ningeweza kumpiga na gunzi la mahindi.

Katika muda huo mimi nilikuwa naenda kwetu mara moja moja kusalimia. Kila nikienda, mama yangu ananishika mkono kabla sijapanda basi. "Tutakuja lini kuona unakolala?" Nami najibu, "Karibuni, mama. Bado kidogo." Ombati alikuwa ameniapisha nisitaje ndizi kwa wazazi wangu, kwamba ni aibu yake, ataimaliza mwenyewe. Heshima ya mume nikaishika. Mama anasema, "Sawa, tutangoja." Anarudi nyumbani polepole akishika kiuno, maana kiuno kilikuwa kinamsumbua.

Kisha homa ya mapafu ikamchukua. Tulipata habari tayari ameshalazwa hospitalini, na tulipofika alikuwa hatujui tena. Tukamzika mvua ikinyesha. Ombati alichimba kaburi pamoja na kaka zangu, akalia kwa sauti kubwa kuliko hata wao, kwa maana alimpenda kweli. Lakini kati yake na baba yangu hakuna neno lililotoka. Walishikana mikono wakaachana.

Nilidhani hapo angeacha. Wapi! Tuliporudi, matanga hayajapoa, nikamkuta ameleta pipa zima kutoka kiwandani, lililokwisha kazi, analikata katikati kwa patasi na nyundo. Laini nzima haikupumzika kwa makelele. Nikamwambia, "Mama amekufa bila kuingia nyumba hii, na wewe bado unapanda?" Akasema, akilia huku anapiga nyundo, "Ndiyo sasa lazima. Nikimwita mzee mikono mitupu baada ya hili, nitamtazama kwa macho gani?"

Mvumilivu hula mbivu, sivyo mnavyofundishwa? Mimi nilikuwa nimeshiba uvumilivu hadi hapa shingoni.

Lakini sitamnyima haki yake. Safari hii alitumia akili. Alitoboa pipa matundu chini ili maji yatoke. Akachanganya udongo wa msituni na samadi iliyokwisha kuoza kabisa. Akamwomba msimamizi wa kiwanda ruhusa, na yule mtu akacheka, akasema mradi hauzuii njia. Basi pipa likakaa nyuma ya kiwanda, limeegemea ukuta wa boila karibu na mlango alioingilia kazini, naye akauhesabu kuwa mlango wake, mahali ambapo matofali yana joto usiku na mchana na jua linapiga asubuhi yote. Wakati wa baridi hakuutia maji mpaka achomeke kidole udongoni aone umekauka. Watoto wa mgomba waliochipuka pembeni aliwakata wote isipokuwa mmoja. Na mshauri yeyote aliyekuja, alimpa kuni abebe.

Ulikawia. Mgomba wa Kisii ungekuwa umeshazaa na mtoto wake naye amezaa. Huu ulitoa jani moja, ukafikiri, ukatoa lingine. Moraa alianza kukimbia, nikapata mtoto wa pili, yeye naye akaanza kukimbia. Ndipo siku moja Ombati akaja mbio mchana, uso mweusi kwa masizi, akanivuta mkono hadi nyuma ya kiwanda bila kusema neno. Juu kabisa, katikati ya majani, ua la zambarau lilikuwa limechomoza, limeinamisha kichwa.

Sitadanganya, moyo wangu uliruka. Wanawake wa laini wakaleta magunia, tukashona kibanda cha kufunika mkungu mvua ya mawe isiufikie. Kila aliyepita aliusalimia. Mkungu wenyewe ulipokomaa, mwanangu, ulikuwa mdogo hata kuku angeubeba. Vidole vyake vifupi, vimejikunja, kama mkono wa mtu anayesikia baridi. Lakini zilikuwa ndizi.

Ombati akanunua shati. Tukapanda basi la kwenda Kisii, amepakata mkungu mapajani, hataki uwekwe juu ya gari. Njia nzima tunapita migomba. Baada ya Sotik ni migomba kulia na kushoto, mikungu imening'inia mikubwa kama watoto wa shule, na abiria wanamtazama mtu huyu anayepeleka vidole vyake Kisii. Mimi nilijifanya simjui.

Tulimkuta baba amekaa uani anachonga mpini wa jembe. Alikuwa amekonda. Ombati akapiga goti moja, akaweka mkungu mbele yake.

Baba akautazama, akatutazama. "Huko kwenu kuna njaa?" akauliza. "Mbona mnaniletea ndizi zenye ugonjwa?"

"Baba," Ombati akasema, "ni ile ahadi. Nilisema utakula ndizi iliyoota mlangoni pangu. Nimekuja kukuita."

Baba akaweka mpini chini. Nikaona anatafuta kitu kichwani hakipati. "Ahadi ya ndizi?" akasema. "Mimi sikumbuki ndizi. Nakumbuka ulisema siku utakayoniita. Nikangoja uniite."

Ombati akautazama mkungu wake.

"Miaka yote hii," baba akaendelea, na sasa alikuwa amesimama, "nilidhani umetudharau. Nilimwambia mama wa binti yangu, huyu kijana ameona sisi ni watu wa shamba, hataki tuonekane kwa rafiki zake wa kiwandani. Yeye akanikatalia. Alisema, 'Watatuita.' Kila mavuno alikuwa anafunga kikapu cha wimbi na njugu, anakiweka tayari. Mwisho wa msimu anakifungua, tunakula wenyewe." Akamnyooshea Ombati kidole. "Kwako hakuna ugali? Hakuna chai? Unakaa ndani ya majani chai, umeshindwa kuniita nikanywe kikombe cha chai?"

Ombati akaanguka miguuni pake. Alilala kifudifudi pale uani na shati lake jipya, akaomboleza kama siku ya mazishi. Nami sikumwinua. Nilikuwa na hasira na huyu, na hasira na yule aliyeketi na dharau aliyojiwazia mwenyewe bila kutuma hata mtoto kuuliza. Wanaume wawili, kila mmoja amekalia heshima yake kama kuku anayelalia jiwe, na mama yangu katikati, na kikapu chake.

Mwishowe baba ndiye aliyemwinua. Alimpangusa vumbi kifuani, akasema, "Basi. Leo tunalala hapa. Kesho tunakwenda."

Na kesho yake akaja. Aliingia nyumba yetu ya laini, akainama mlangoni, akakaa kwenye kiti. Watoto wakamkalia magotini. Akanywa chai, vikombe vitatu. Kisha akatazama pembe zote za chumba, taratibu, kitanda, mafiga, dirisha, akasema, "Angepapenda hapa."

Nilitoka nje nikalie peke yangu.

Sasa sikiliza, na usinijibu upesi. Ahadi ni deni, naam, lakini hakuna aliyesema deni lilipwe kwa kununa. Ukiahidi, ahidi kinachotoka mikononi mwako, si kinachotoka kwenye koti jipya. Ukichelewa kutimiza, nenda kwa uliyemwahidi, mwambie kwa mdomo wako, "Nimechelewa." Haitakuua. Na wewe unayengoja, ukiona kimya, usikishone kimya hicho kikawa tusi, uliza. Kuuliza si ujinga, na hakumshushi mtu. Usimfungie mzazi wako mlango mpaka uwe na kitu kizuri cha kumwonyesha. Haji kuona kitu. Anakuja kukuona wewe. Mwite angali na miguu ya kupandia basi.

Mungu akupe ulimi mfupi wa kujisifu na mrefu wa kuomba radhi. Akupe wazazi wa kudumu, na akili ya kuwakaribisha wangali hai. Nyumba yako isikose sauti ya mtu anayebisha hodi, wala wewe usikose kuinuka kumfungulia. Nenda sasa, mwanangu, na uende kwa amani.