Picha ya Langoni kwa Mzee arap Tonui

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kamera. Nilipewa ufagio, halafu karai la maji. Studio ilikuwa mjini Kericho, nyuma ya duka la vitambaa, na mwenyewe sote tulimwita Fundi. Aliniambia nisimame kando ya pazia nitazame tu. Siku hizo picha ilipigwa kwa filamu, utepe uliokaa gizani ndani ya kamera, na ukiuonyesha mwanga kabla haujaoshwa kwa dawa, kazi yote imeharibika. Ukishaoshwa ndio tuliouita negativu, na humo kila cheupe ni cheusi: meno ya bibi harusi yanaonekana kama makaa. Mimi niliuliza maswali mpaka Fundi akacheka.

"Wewe Nyakundi unauliza sana."

"Pole, Fundi."

"Hapana, usiwache. Uliza hata wateja. Mtu akianza kukujibu, anasahau kamera. Hapo ndipo unabonyeza."

Baadaye nilihamia kwenye shamba kubwa la chai, ambako wazazi wangu walikuwa wamefika kutoka Kisii kuchuma majani. Mkubwa wangu huko alikuwa Afisa wa Wafanyakazi, aliyetaka picha za vitambulisho. Mtu akijaribu kutabasamu, Afisa alimwambia, "Funga mdomo, hapa hatununui meno." Nilijifunza kufanya kazi haraka, lakini uso baada ya uso ulinipita bila mimi kujua mwenyewe ametoka wapi. Hilo lilinichosha kuliko kusimama. Nikaacha, nikafungua studio yangu pale sokoni Sosiot: chumba kimoja chenye pazia lililochorwa ndege, na stoo ya nyuma niliyoigeuza kuwa chumba cha giza, mahali pa kuoshea picha nyeusi na nyeupe chini ya taa nyekundu. Filamu ya rangi nilikuwa naipeleka Nakuru.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Wanajeshi wetu walikuwa wamepelekwa Yugoslavia ya wakati huo, nchi iliyokuwa inapasuka kwa vita. Walivaa kofia za bluu za walinda amani wakasimama katikati ya watu waliokuwa wakipigana. Vijana wa kwetu walikuwamo, na familia zao zilianza kuja kwangu.

Nilitegemea nguo za kanisani na watoto waliopakwa mafuta. Lakini maagizo yaliyotoka huko yalinishangaza. Askari mmoja alitaka mtamba wake apigwe picha ubavuni, aone mwenyewe kama ana mimba. Mwingine wa Sigowet alitaka mke wake akiwa anacheka, "asikae kama mtu ameitwa kortini." Na mimi niliwauliza wote waliokuja studio: kuna baridi ya namna gani huko? Wanapata ugali? Mama mmoja aliniambia kwamba bwanake anasema theluji huanguka kimya kabisa. Nililifikiria jambo hilo kwa siku nyingi. Mvua yetu ya mawe hupiga mabati mpaka hamsikizani, na majani ya chai hubaki kama yametafunwa. Kitu cheupe kama hicho kianguke bila sauti?

Basi akaja Gladys, mke wa koplo mmoja aliyeitwa Kipng'eno.

"Nataka uje nyumbani Jumamosi," akasema. "Nataka picha ya kumheshimu bwanangu. Sisi wote tuwe pamoja, na yeye awe hapo."

"Atakuwaje hapo na yuko ng'ambo?"

"Wewe kuja tu. Nimepanga."

Nilipofika nilikuta amepanga kweli. Katikati ya uwanja aliweka kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa. Juu yake kulikuwa na picha ya Kipng'eno akiwa na sare ya jeshi, ndani ya fremu, na maua ameyazungusha pande zote. Mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis, alikuwa ameketi kwenye benchi na wajukuu. Nikasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu.

Baba wa Kipng'eno, Mzee arap Tonui, akatoka nyumbani akiwa na koti lake la zamani la jeshi. Akakitazama kiti. Aligeuka, akashika njia ya kwenda kwenye chai yake.

Gladys alianza kulia. "Anamwonea mtoto wake aibu," akaniambia. "Ati yeye alipigana Burma kwa vita ya Wazungu, na huyu analinda tu. Sijui ni askari gani anataka."

Sikuridhika na maelezo hayo. Koti lile lilikuwa limepigwa pasi, na mtu hapigi pasi koti la kwenda kumdharau mwanawe. Nikamfuata. Nikamkuta kati ya mistari ya chai akichuma kwa mikono miwili, bila kikapu, majani yakianguka chini.

"Mzee, ni kitu gani hukupenda?"

"Wewe ulienda matanga gani ukakosa kuona kiti kama hicho?" akaniuliza. "Picha, kitambaa, maua. Mnamzika mtoto wangu na ako hai?"

Kwa kuwa sikuondoka, akaendelea.

"Mimi nikiwa Burma, watu walileta habari hapa ati kikosi chetu kimekwisha. Mama yangu akanyoa nywele. Wakalia, wakamaliza. Halafu vita ikaisha, nikashuka treni Fort Ternan, nikapanda milima kwa miguu mpaka kwetu. Mama alinikuta karibu na boma la ng'ombe. Unajua alifanya nini? Alirudi nyuma. Mkono wangu hakushika. Wazee walikaa kushauriana vile nitarudishwa kati ya watu walio hai. Na mama, mpaka Mungu alimchukua, hakuniita kwa jina langu tena. Alikuwa anasema tu, 'wewe.'"

Nyuma yangu nilisikia mtu akivuta pumzi. Gladys alikuwa amenifuata. Alirudi uwanjani, akatoa maua, akakunja kitambaa, akarudisha picha ndani na kuitundika ukutani ilikokuwa. Kiti akakirudisha mezani. Halafu akamjia mzee na kuinamisha kichwa.

"Baba, pole. Sasa mimi nimheshimu namna gani?"

Mzee alifikiri. "Kama mtu anayerudi," akasema.

Ni Kogo aliyejua la kufanya. Aliingia jikoni akatoka na kibuyu cha mursik, yale maziwa yaliyoganda kibuyuni ambayo kwa Wakipsigis hupewa mtu aliyetoka safari ya mbali. Akatembea mpaka langoni, akasimama anatazama barabara. Wajukuu wakamfuata. Gladys akasimama upande wa pili, na mzee katikati yao.

"Wewe mpiga picha," Kogo akaniita, "toka huku ndani. Enda barabarani. Simama pale mtoto wangu atatokea."

Nikabeba kamera, nikavuka lango, nikashuka hatua chache kwenye matope. Nilipoangalia kwenye lenzi nilishtuka. Hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Kogo alikuwa amenyoosha kibuyu mbele. Na mzee, kwa sauti iliyofika shamba la jirani, akaita, "Kipng'eno!"

Nikabonyeza.

Siku hizi macho yangu hayana nguvu, na studio nimewaachia wengine. Vijana wanaopiga picha kwa simu huniuliza ni ipi kati ya zangu niliipenda kuliko zote. Ni hiyo, nami sina nakala yake hata moja: ile niliyoosha Gladys aliituma ng'ambo kwa bwanake, na negativu ikaliwa na unyevu. Kipng'eno aliporudi mzima, wakamnywesha mursik pale pale langoni. Tulipoketi uwanjani, nilimuuliza picha ile ameiweka wapi.

"Niliwacha huko," akasema. "Kulikuwa na mama mmoja mzee, jirani ya kambi yetu. Kijana wake alipotea kwa vita. Aliona hiyo picha, akauliza kwa mikono, hawa wanangoja nani? Nikajionyesha kwa kidole. Akaishika, akakataa kuirudisha. Akaigongea msumari mlangoni kwake, kwa upande wa ndani."

"Na kijana wake alirudi?"

"Tuliondoka kabla ya kujua."

Nilidhani Gladys atakasirika, maana picha ile ilikuwa yake. Aliangalia tu mikono yake. Kogo ndiye aliyesogeza kiti karibu na mwanawe.

"Huyo mama ana ng'ombe?" akauliza.

"Ako na mmoja, Mama."

"Anakamuliwa?"

"Anakamuliwa."

"Basi ni sawa," Kogo akasema. "Ataweka maziwa."