Siku Papa Alipochemsha Maji ya Chai kwa Umeme

Sisi tuliokulia Gisenyi wakati birika la umeme lilikuwa bado kitu cha hoteli, tunajua kwamba maji ya chai yalikuwa na sheria zake. Mama aliwasha jiko la mkaa uani, kamwe si ndani, kwa sababu hewa ya mkaa, alisema, inakulaza na haikuamshi. Sufuria isijazwe hadi mdomoni. Mtoto asiruke karibu. Aliyekaidi alionja mwiko, na mwiko wa Mama haukuwa umeokoka.

Papa alikuwa karani mwenye tai moja na majivuno ya waziri. Jumamosi moja alirudi kutoka Petite Barrière, pale mpakani, na chuma kilichojisokota, chenye waya: unakitumbukiza majini, unachomeka ukutani, maji yanachemka. Alasiri hiyo pasta wetu alikuwa anakuja kunywa chai.

“Leo moshi imekwisha,” Papa alitangaza. “Tuko watu ya kisasa.”

“Kisasa yako itatuua,” Mama alijibu kutoka uani, akipepea mkaa wake.

Pasta alipofika na kuketi, Papa aliweka sufuria ya maji sebuleni, kwenye sementi iliyotoka kupigwa deki, naye yuko peku. Akachomeka. Ili kumwonyesha pasta kwamba maji yanapata moto, akachovya kidole bila kuchomoa waya.

Alianza kutetemeka mwili mzima, meno yamekazana, macho darini. Pasta alidhani Roho ameshuka. “Haleluya!” akapaza sauti. Tukacheka, mpaka tukaona kwamba Papa haachani na ile sufuria. Kaka yangu akamkimbilia.

“Musimuguse!” Mama alikuwa ameingia mbio, kandambili miguuni. Alimkamata kaka kwa kola, akamtupa kwenye mapaja ya pasta, akachomoa waya ukutani. Papa akaanguka chali, maji yakamwagika.

Mama akapiga magoti, akaweka sikio kifuani pake. “We! Uko muzima? Sema kitu!”

Papa akatoa sauti ndogo: “Bon... ilikuwa bado kuchemka.”

Mama akacheka, halafu akalia kwa kwikwi huku ameshika ile tai. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Baadaye akaleta chai ya mkaa. Pasta aliombea kila kitu ndani ya nyumba isipokuwa kile chuma.

Siku hizi wanangu wanabonyeza kitufe na kurudi kwenye simu. Birika linajizima lenyewe, halimdhuru mtu. Nashukuru, kweli. Lakini sisi tulikaa uani tukisubiri sufuria ivume, na hapo ndipo tulipojua nani kamkimbia mumewe, nani kauza mbuzi mgonjwa, na babu alikuwa mwongo wa namna gani. Sasa maji yanachemka upesi mno. Hakuna anayepata nafasi ya kumsengenya hata shemeji yake.