Mwalimu Aliyejiandikia Programu Yangu

Mwezi uliopita nilirudi Ushirombo, nikasimama mbele ya walimu arobaini kuwafundisha kutumia mfumo wa matokeo ya mitihani niliouandika mwenyewe. Mstari wa mbele alikaa aliyekuwa mwalimu wangu wa hesabu sekondari, mvi kichwani, kalamu mbili mfukoni. Nilimtambua kabla hajanitambua. Ndugu yangu, asubuhi ile nilikuwa nimeisubiri miaka mingi, na mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa.

Ngoja nikwambie alichonifanyia.

Nililelewa na bibi, mama yake mama, nje kidogo ya mji. Nyumba yetu ilinuka viazi vitamu. Kiangazi tulimenya viazi tangu asubuhi, tukavikata vipande na kuvianika juu ya mwamba nyuma ya nyumba vikauke viwe michembe. Kazi yangu ilikuwa kufukuza mbuzi. Kengele ya misheni ikigonga, bibi aliweka kisu chini akasali, kisha akaendelea. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Nyumbani alisema Kisukuma, na asiyemwamkia "mwangaluka" asubuhi alisahauliwa kwenye uji.

Shuleni kulikuwa na chumba chenye kompyuta nane za msaada, na ufunguo alikaa nao mwalimu yule. Tuliingia mara moja kwa wiki, wanne kwa mashine moja, wavulana wakibonyeza, sisi wasichana tukitazama. Lakini katika maktaba ya misheni nilikuwa nimepata kitabu kisicho na jalada kilichofundisha kuandika programu. Nikaanza kuziandika kwa kalamu katika daftari kubwa, pale pale mwambani, mkono mmoja umeshika kijiti cha mbuzi. Hakuna aliyenituma. Ilikuwa raha tu, kama wenzangu walivyocheza rede.

Bibi akaniuliza naandika nini. Nikamwambia naipa mashine amri ijumlishe alama za wanafunzi na kuwapanga, nani wa kwanza, nani wa mwisho. Akataka nimsomee. Nikamsomea mstari kwa mstari, nikigeuza kwa Kisukuma, naye akimenya. Nilipomaliza akauliza, "Na mtoto aliyekuwa mgonjwa siku ya mtihani?"

Programu yangu ilikuwa inampa sifuri na kumweka mkiani. Nilifuta, nikaandika upya kwa siku tatu. Bibi hakuwahi kugusa kompyuta maishani mwake, na ndiye aliyeiona kasoro.

Mwalimu aliniruhusu kuijaribu Jumamosi moja. Ilifanya kazi. Akanisifu, akachukua daftari, akasema anakwenda kulikagua.

Siku ya wazazi, mbele ya wageni kutoka wilayani, aliiwasha programu ile akasema ameiandika yeye. Bibi alikuwa amekaa nyuma, amevaa kitenge chake cha kanisani. Nilisimama nikasema ni yangu. Mwalimu akatabasamu.

"Kaa chini, binti," akasema, kisha akawageukia wageni. "Huyu hata kuwasha kompyuta hajui."

Watu wakacheka. Bibi alimuuliza jirani kimesemwa nini, akatafsiriwa. Tulipofika nyumbani alivua kitenge, akakikunja, akaniambia, "Usilie. Jifunze."

Nilijifunza. Wenzangu chuoni waliandika programu kwa kupenda, wakishindana kutengeneza michezo ya simu. Mimi niliandika kwa hasira. Kila kosa lililotokea kwenye skrini lilikuwa na sura yake, nami sikuinuka mpaka nimeliondoa. Hasira ile ilinipa shahada, ikanipa kazi. Bibi alifariki nikiwa mwaka wa pili, hajaona lolote kati ya hayo.

Basi siku ile ya mafunzo, jina langu liliposomwa, mwalimu aliinuka bila kuombwa. Akawaambia wenzake kwamba mimi ni kazi ya mikono yake, kwamba kuandika programu alinifundisha yeye. Wakapiga makofi. Alikuwa ananiibia mara ya pili.

Nilisubiri makofi yaishe. Nikasimulia yote, polepole, bila kupandisha sauti. Kisha nikamgeuzia kompyuta yangu, nikamwomba atuandikie mistari mitatu tu ya programu ile. Aliweka vidole kwenye vitufe. Vidole havikwenda popote.

"Nimesahau, mwanangu," akasema.

"Kaa chini, mwalimu."

Akakaa.

Kama unangoja niseme nilimhurumia, utangoja sana. Mchana nilimkuta mlangoni pa chumba cha chakula, nikawaamkia wazee wote waliosimama pale, shikamoo yake nikaimeza. Wali wenyewe ulikuwa mkavu. Niliula kama wa Krismasi.

Jioni nilikwenda palipokuwa nyumbani kwa bibi. Mwamba umepasuliwa ukawa kokoto, na kiwanjani pana nyumba ya bati jekundu ya watu nisiowajua. Nikakaa kwenye gari, nikafungua kompyuta, nikitaka kuandika kitu cha kujifurahisha tu, kisicho na mshahara wala adui. Nusu saa ilipita bila mstari hata mmoja. Mwalimu nilikuwa nimemalizana naye, na nilipomwondoa, sikumkuta mtu mwingine wa kumwandikia. Nikaifunga, nikawasha gari, nikashika barabara ya Kahama.