Munee Hakuteremka

Munee wa Kaluki alizaliwa Ramisi, kwenye nyumba za wakata miwa, na hakuwa mtoto wa kutumwa akaenda bila kuuliza. Mamaye Kaluki, aliyeishia darasa la tano, alimwonya kila mara: "Mwanangu, maswali yako yatakunyima kazi."

Kazi aliipata kwenye bandari mpya kusini mwa Msambweni, iliyojengwa na kuendeshwa na kampuni ya serikali ya ng'ambo. Kreni zilikuwa zao, wakubwa wote walikuwa wao. Wenyeji walifunga kamba na kufagia gati. Munee alijifunza kreni mwaka mzima, na siku ya mtihani jamaa waliruhusiwa kusimama nje ya uzio. Akishindwa, dereva angeletwa kwa ndege kutoka huko huko.

"Bandari ni ya serikali ya watu wa ng'ambo, mama Munee," jirani yake Rispah alimwambia. "Wako ataishia kwenye ufagio."

Macho ya Kaluki yalikuwa juu, kwenye kibanda cha kioo alimokaa bintiye, kontena likining'inia chini yake.

Mtahini mgeni alichungulia karatasi ya amri za Kiswahili zilizotafsiriwa huko kwao, akasema kwenye redio: "Teremka!"

Kontena halikusogea.

"Teremka!"

Sauti ya Munee ikatoka kwenye redio ya Mzee Sefu, mpakizi wa siku nyingi aliyesimama karibu na uzio. "Samahani, bwana. Niteremke mimi, au niteremshe mzigo? Nikiteremka mimi, huu namwachia nani?"

Wapakizi wakaangua kicheko. Mtahini akaiva uso, akaandika kitu.

Kaluki akashika waya wa uzio. Yale maswali! "Teremsha tu, mama," akanong'ona, "wanakuandika."

Munee akaushikilia mzigo pale pale. Mkalimani akaitwa, akamweleza mgeni kwamba karatasi yake ilimwamuru dereva ashuke ngazi na kuuacha mzigo hewani.

Mgeni akauliza wapakizi wenyewe husemaje.

"Tua," akasema Mzee Sefu. "Tangu tulipokuwa tukibeba magunia kichwani, ni tua."

Mgeni akakata neno lake kwa kalamu, akaandika lile, akalitamka kwa shida: "Tu-wa."

Kontena likatua polepole, kama sinia ya wageni.

"Amefaulu," mkalimani akatangaza. "Anasema anataka dereva asiyegusa mpaka aelewe."

"Kumbe mtoto mjeuri hivi!" Rispah akasema.

"Mjeuri ni wewe," Kaluki akajibu, kwa sauti ya kufika langoni. "Yule ni dereva wa kreni, na kwao ni Ramisi."